Njia fupi ya Wainka: anza kutazama maji

Kazi yangu ni mifereji. Nasanifu mitaro ya maji ya mvua, na nikifika mahali pageni jicho huenda chini kwanza: maji ya hapa yanapita wapi, na yakizidi yanakimbilia wapi? Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, watu waliotawala milima ya Andes kule Peru, simwelezi mji kabla ya kumweleza njia. Namaanisha ile fupi ya siku moja, kama kilomita 12, ambayo humzoesha mgeni kuyasoma maji kabla hajafika mjini.

Unapanda treni katika mji mdogo wa Ollantaytambo na kushuka kwenye alama ya kilomita 104 ya reli. Hapo hakuna stesheni ya maana. Treni inasimama kidogo tu, mnateremka upesi, inaondoka, na mnabaki na ngurumo ya Mto Urubamba. Ng'ambo ya daraja la waenda kwa miguu kuna ukaguzi wa vibali na pasipoti. Majina yalingane herufi kwa herufi. Bila mwongozaji mwenye leseni hupiti, idadi ya watu kwa siku ina kikomo, na kila Februari njia hufungwa kwa matengenezo.

Wengi huogopa kukosa pumzi. Mji wa Cusco uko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, lakini njia hii inaanza kwenye mita 2,100 hivi na haifiki hata 2,800. Ukishalala Cusco siku mbili tatu, mwili umezoea. Kinachochosha ni jua. Ule mpando wa kwanza wa saa tatu hivi hauna kivuli cha kutosha, basi beba maji mengi na kofia pana.

Hatua chache baada ya daraja unakuta magofu ya Chachabamba. Makundi mengi hupita hapo haraka, nami nakusihi usimame. Wanaakiolojia wamechimbua mabirika 14 yaliyojengwa kwa mawe, yakilishwa kwa mifereji kutoka mlimani, na wanaona kuwa yalikuwa ya ibada. Maji yaliletwa hapo kwa hesabu: yakija kidogo mno birika halipati mchirizi, yakija mengi mno yanafurika. Mwongozaji wetu, mama aliyekua akizungumza Kikechua, lugha ya Wainka, aliniambia kwao Cusco maji huitwa unu. Nililirudia neno hilo njia nzima.

Kisha mnapanda. Bonde linazama chini yenu, reli inakuwa kama uzi, na baada ya maporomoko ya maji unaibuka Wiñay Wayna, magofu mengine ya Wainka.

Ratiba ya kampuni niliyosafiri nayo ilitupa robo saa tu mahali hapo. Mama yule alipoona nimepiga magoti kwenye mawe, alituongezea muda, na mpaka leo namshukuru. Jina la mahali hapo ni la ua la okidi, maana yake "kijana daima". Matuta yamepinda kufuata umbo la mlima, moja juu ya jingine, na kando yake ngazi ndefu inateremka sambamba na mabirika, kila birika likimimina kwa lililo chini yake. Mdomo wa birika umechongwa kamfereji kembamba, ili maji yaruke mbele yasitambae ukutani. Nilipitisha kidole humo. Jiwe lile lilichongwa bila chuma, na ukingo wake bado uko wazi.

Tuta la Wainka watu hulidhania ni shamba tu. Lilikuwa shamba, lakini pia ni chujio na ukuta wa kushikilia mlima. Katika matuta yaliyochimbwa Machu Picchu wamekuta chini kabisa mawe makubwa, juu yake kokoto na mchanga, halafu udongo wa kupandia. Mvua inaingia, inashuka taratibu, haijai nyuma ya ukuta na kuusukuma. Kuta nyingi ninazoitwa kuzikagua baada ya masika zimeanguka kwa kosa hilohilo: aliyejenga alisahau kuyapa maji mlango.

Kutoka hapo ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo msituni. Karibu na mwisho kuna vidato vya mawe vilivyosimama wima hata inabidi upande kwa mikono. Juu yake ni Inti Punku, Lango la Jua, na ghafla Machu Picchu yote iko chini yako. Hapo nilinyamaza kama wenzangu wote.

Mji huo ulijengwa karne ya 15, na kwa kawaida huhusishwa na mfalme Pachacuti. Mvua inayonyesha hapo ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, mteremko ni mkali, lakini bado umesimama. Mhandisi wa maji Kenneth Wright na mwanaakiolojia Alfredo Valencia Zegarra waliuchunguza kwa miaka, wakakadiria kwamba takriban asilimia 60 ya kazi yote ya ujenzi iko chini ya ardhi: misingi, kokoto, njia za kutolea maji. Chemchemi iko mlimani juu ya mji. Mfereji wa mawe wa mita 749 unayaleta maji mpaka kwenye mabirika 16 yaliyopangwa kama ngazi, na birika la kwanza liko jirani na makao ya mfalme. Yeye aliyapata yakiwa safi kabisa.

Ukiingia mjini, baada ya kupiga picha zako, tembea polepole kando ya kuta ukitazama chini. Utaona vitundu vya mraba, upana wa kiganja hivi, vimeachwa makusudi kati ya mawe. Viko zaidi ya 100. Mimi nilikuta mvua imetoka kunyesha. Nikachuchumaa mbele ya kimoja, na maji yalikuwa yakitoka humo kimyakimya, bila tope.