Bunduki ya pampu: tunayoambiwa na yaliyo kweli

Mtu wa Nakuru anayetaka kuanza mchezo wa kulenga visahani vya kuruka huwa tayari ameshashauriwa na watu wengi kabla ya kushika bunduki hata mara moja. Binamu aliyekuwa jeshini amemwambia hivi, jirani mwenye shamba Rongai amemwambia vile, na filamu zimemmalizia. Akifika dukani tayari ameamua: shotgani ya pampu (ile inayopakiwa kwa kuvuta na kusukuma mshikio wa mbele), geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, mtutu mrefu, risasi kali. Huenda pampu ikamfaa kweli, lakini mara nyingi sababu alizoichagulia si sahihi, na bunduki si kitu cha kununua halafu ukakirudisha wiki ijayo kwa kuwa hakikukukaa vizuri.

"Nikishapata cheti, nitawinda kanga na kwale"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloweza kumfikisha mtu mwema kizimbani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa miaka mingi baada ya hapo upigaji wa ndege kwa leseni uliendelea, na ndiyo maana wazee wa Njoro na Solai wana hadithi za kanga waliopatikana kihalali, wakapikwa na kuliwa bila mtu kuangalia nyuma. Hadithi zao ni za kweli, ila wakati wake umepita. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji wa kujifurahisha, na adhabu zake ni faini nzito na kifungo.

Cheti cha bunduki hutolewa chini ya sheria nyingine kabisa, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Kinakuruhusu kuwa na bunduki iliyotajwa humo, pamoja na kiasi cha risasi kilichoandikwa. Hakimgusi kanga, kwale, wala bata wa ziwani. Kwamba ndege ametua kwenye shamba lako mwenyewe hakubadilishi neno hata moja.

Anayetaka kuwinda kwa halali hutazama Tanzania, ambako uwindaji unaruhusiwa kwa leseni katika maeneo maalumu. Kutoka Kisumu au Migori si mbali, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba ni safari ya kuvuka tu. Bunduki inayovuka Isebania inahitaji kibali cha kuitoa Kenya na kibali cha kuiingiza Tanzania, vyote viwili mkononi kabla ya kuondoka nyumbani. Bila hivyo, afisa wa mpakani hamwoni mwindaji. Anamwona mtu anayesafirisha silaha.

Kwa hiyo mkazi wa Nakuru anayechagua shotgani, ukweli ni kwamba karibu risasi zake zote zitapigwa kwenye visahani. Achague kwa kazi hiyo. Uwindaji wa mara moja kwa mwaka ng'ambo ya mpaka usiwe ndio unaoamua.

"Itanisaidia na kwelea"

Wakulima wa mpunga wa Ahero na Kano huuliza hili kwa uchungu, na wana haki ya kuwa na uchungu. Kundi la kwelea linaposhuka juu ya mpunga ulioiva, msimu mzima unaweza kuisha mbele ya macho. Lakini kundi hilo huwa na ndege maelfu kwa maelfu. Shotgani itaangusha wachache, waliosalia watahamia tuta la pili, na mkulima atakuwa ameteketeza fedha ambazo zingewalipa vijana wa kuamia ndege kwa siku kadhaa. Mwaka 2023 kwelea walipovamia mpunga wa Kisumu, serikali ilipambana nao kwa kunyunyizia dawa, si kwa bunduki. Toa taarifa mapema kwa ofisi ya kilimo. Na wakiwa ni nyani au tumbili wanaokula mahindi, taarifa iende kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

"Shotgani hailengwi, marisau yanatawanyika yenyewe"

Filamu zimeharibu watu wengi hapa. Ndani ya sebule ya kawaida, mita tano hivi, marisau yote, yaani tembe ndogo zilizomo ndani ya risasi, hufika pamoja na kutoboa tundu la ukubwa wa kiganja tu. Ukirudi nyuma hadi mita 18, mtutu usiobanwa hutawanya marisau kwenye duara la sentimita kama 80, na mtutu uliobanwa kabisa hutawanya sentimita kama 40. Kisahani chenyewe kina upana wa sentimita 11, nacho kinaenda mbio na kupinda kwa upepo. Ukifyatua kilipo sasa, marisau yatafika kikiwa kimeshaondoka.

Kinachobana mtutu ni choki, kipande cha chuma kinachofungwa mdomoni mwake, na bunduki nyingi za leo huja na choki kadhaa za kubadilisha. Zipo daraja nne unazohitaji kuzijua. Kipimo cha zamani ambacho bado kinatumika ni duara la inchi 30 kwa umbali wa yadi 40, karibu mita 36 na nusu: mtutu wazi huingiza humo karibu asilimia 40 ya marisau, choki nyepesi 50, ya kati 60, na iliyokaza kabisa 70. Anayeanza hufungiwa choki iliyokaza kwa sababu "inafika mbali", akakosa visahani ishirini mfululizo, akaenda nyumbani akiamini mchezo haumfai. Funga choki nyepesi. Visahani vya karibu vitaanza kuvunjika, na moyo utarudi.

"Pampu ndiyo bunduki ya visahani" na "Pampu haifai visahani kabisa"

Hizi ni mbili zinazopingana, na zote nimezisikia mchana mmoja uwanjani.

Pampu zimevunja visahani tangu enzi za Winchester Model 12, iliyotoka mwaka 1912. Remington 870 ya mwaka 1950 imetengenezwa kwa mamilioni, na Mossberg 500 iliyofuata miaka ya mwanzo ya sitini imeenea dunia nzima. Ni bunduki imara, bei yake kwa kawaida iko chini ya ile ya mitutu miwili iliyopandana, na haichagui risasi kama zinavyochagua nyingi zinazojipakia zenyewe. Kwa mchezo wa klabu, Jumamosi asubuhi na marafiki, inatosha na kubaki.

Ugumu unakuja visahani viwili vinaporushwa pamoja. Mtazame anayeanza kwa makini. Anapiga cha kwanza, kinavunjika, anafurahi. Mkono wa kushoto unavuta mshikio wa mbele kurudi nyuma, lakini kwa kuwa macho yameshakimbilia kisahani cha pili, hauvuti hadi mwisho. Unaishia robo tatu ya njia na kusukuma mbele tena. Ganda tupu halijatoka. Risasi mpya haijapanda. Anafyatua, panasikika mlio mkavu wa chuma, na kisahani kinatua majanini kikiwa kizima. Anaigeuza bunduki huku na huku akiishuku, na hapo ndipo hatari inapozaliwa, kwa sababu mdomo wa mtutu unawageukia walio nyuma yake. Bunduki haina kosa. Pampu huvutwa kwa nguvu mpaka igonge mwisho, husukumwa mpaka igonge mbele, kila mara, hata kama kisahani kimeshapotea. Huo ni mkono unaofundishwa kwa risasi bandia, polepole, jioni nyingi, kabla ya kuutumia uwanjani.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kanuni za shirikisho la kimataifa la ulengaji, zile zinazotumika hata Olimpiki, zinaruhusu shotgani zinazojipakia zenyewe lakini zinakataza za pampu. Kijana mwenye ndoto ya kuivalia Kenya jezi katika mchezo huu anunue ya mitutu miwili tangu mwanzo, au avumilie ya klabu huku akiweka akiba. Inaniuma kumwona kijana mwenye jicho zuri akitumia akiba yake yote kwa pampu, kisha akafungiwa mlango kwa kanuni ambayo mtu angemwambia kwa sentensi moja.

"Geji kubwa, risasi kali, ndiyo matokeo"

Namba za geji huenda kinyume na wengi wanavyodhani. Geji 12 ina mtutu mpana kuliko geji 20, kwa sababu namba hiyo inahesabu tembe ngapi za duara za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu, zinatimiza ratili moja. Geji 12 ina upana wa milimita 18 na nusu, geji 20 karibu milimita 15.6.

Kwa visahani, geji 12 ni chaguo la busara kwa sababu risasi zake ni rahisi kupatikana. Hilo halimaanishi risasi kali. Kwenye mashindano ya kimataifa uzito wa marisau hauzidi gramu 24 na nusu, na wachezaji bora duniani wanavunja visahani kwa gramu hizo. Risasi nzito za inchi tatu zinaweza kuwa na marisau mara mbili ya hapo, na bunduki nyepesi ikizipiga, bega lako linalipa. Baada ya risasi chache mwili unaanza kujikunja kabla hujafyatua, na tabia hiyo ikishaingia huchukua miezi kuitoa. Wanawake na vijana wembamba hupewa bunduki nyepesi kwa nia njema, kumbe bunduki nyepesi ndiyo inayopiga teke zaidi kwa risasi ileile. Afadhali bunduki yenye uzito wa kilo tatu na zaidi, na risasi laini.

Urefu wa risasi umeandikwa kwenye mtutu wenyewe: milimita 70, 76, au 89. Risasi fupi huingia bila shida kwenye chemba ndefu, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Ndefu haipaswi kuingia kwenye chemba fupi hata kama inaonekana kutoshea. Na usiweke risasi za geji 20 na za geji 12 kwenye mfuko mmoja, kamwe. Ya geji 20 hupita chemba ya geji 12 na kukwama ndani ya mtutu, usiione. Unadhani umesahau kupakia, unaweka ya geji 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasukia kwenye mkono wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya manjano.

"Mtutu mrefu hupiga mbali zaidi"

Kidogo mno. Baruti ya risasi ya visahani huwa imeshaungua karibu yote kabla ya marisau kufika mdomoni. Inchi 28 au 30 husaidia kwa sababu mtutu mrefu huzunguka kwa utulivu ukifuata kisahani. Kwa pampu moja ya kila kazi, inchi 28 inatosha. Ile fupi ya inchi 18 haina kazi kwenye visahani.

"Bunduki ni bunduki, utaizoea"

Shotgani haina kipimo cha nyuma cha kulengea. Jicho lako ndilo kipimo hicho. Kitako kikiwa kirefu au kifupi kuliko mwili wako, jicho linakaa mahali pasipo pake, na marisau yanaenda mahali pasipo pake. Dukani, hakikisha bunduki ni tupu: angalia chemba, angalia bomba la risasi chini ya mtutu, ingiza na kidole. Elekeza mahali salama, fumba macho, iweke begani kama kawaida yako, kisha fumbua. Unatakiwa kuona kishanga cha mbele kikikaa juu ya mgongo wa mtutu ulionyooka. Ukiona chuma cha nyuma tu, kitako ni cha chini kwako. Ukiuona mtutu wote kama barabara ya kupanda, ni cha juu.

Jua pia jicho lipi linatawala. Nyoosha mkono, elekeza kidole kwenye mlango kwa macho yote mawili wazi, halafu fumba moja moja. Jicho linalobaki na kidole mlangoni ndilo lako. Anayetumia mkono wa kushoto aangalie kufuli ya usalama: kwenye Mossberg 500 iko juu, kidole gumba cha mkono wowote kinaifikia, ilhali kwenye Remington 870 ni kitufe cha ubavuni nyuma ya kifyatulio, kilichopangwa kwa mtu wa kulia.

"Marisau hayafiki mbali, naweza kujaribu nyuma ya nyumba"

Marisau madogo ya visahani yanaweza kufika mita 190 hivi yakipigwa kwa juu. Yale makubwa ya kuwindia wanyama huvuka mita 600. Pima mwenyewe mita hizo kutoka uani kwako Lanet au Mamboleo, uhesabu paa za mabati na watoto walio katikati. Kufuli ya usalama nayo hushika kifyatulio tu. Bunduki ikianguka kwa nguvu, usiitegemee. Uwanjani pampu hubebwa ikiwa imefunguliwa, chemba wazi, kila mtu aone kwa macho kuwa hamna kitu.

"Pampu haihitaji matunzo"

Inavumilia, lakini hali ya hewa haivumilii. Kisumu, unyevu wa ziwa huanzisha kutu kwenye mtutu uliofungiwa ndani ya mfuko wa kitambaa wiki nzima. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kisha iweke ndani ya kasha la chuma lililofungwa, si ndani ya mfuko. Nakuru tatizo ni vumbi, na ukifika Kariandusi, karibu na Gilgil, ni ule unga mweupe mwepesi unaoingia kila mahali. Huko mafuta mengi ni adui, maana yanashika vumbi na kuwa tope kwenye reli za pampu. Futa mpaka kukauke, acha utando tu.