Je, wajua kwa nini kichaka cha beri nyeusi (blackberry) hustawi kila mwaka bila kuzaa?

Katika majimbo ya baridi ya Marekani kama Maine na Minnesota, wengi waliopanda beri nyeusi za kitaluni hukutana na jambo hili: kila kiangazi kichaka kinarefuka, majani yanameta, miiba inachoma, na tunda hakuna hata moja. Wapo wanaosema kichaka ni dume. Wapo wanaolaumu udongo na kuzidisha mbolea. Wengine huona kwamba maadamu kimechipua tena, baridi haikukidhuru.

Dume hakuna. Ua la beri nyeusi lina viungo vya kiume na vya kike pamoja. Mbolea nayo huongeza majani, na ikiwekwa nyingi mwishoni mwa kiangazi shina huendelea kukua wakati lingepaswa kukomaa na kujiandaa kwa baridi. Dhana ya tatu ndiyo inayopotosha zaidi, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Mizizi haikufa. Kilichokufa ni mavuno.

Fikiria mgomba. Shina lake huzaa mkungu mmoja likafa, na chipukizi la pembeni hupokea zamu, hivyo mgomba wenyewe hudumu miaka mingi ingawa hakuna shina lililozaa mara mbili. Beri nyeusi huenda vivyo hivyo, kwa ratiba ya miaka miwili. Shina linalochomoza mwaka huu hutoa majani tu. Vuli, yaani majira yanayotangulia baridi, ikikaribia hutengeneza macho ya maua, hupita nayo msimu wote wa baridi, huchanua mwaka wa pili, huzaa, kisha hukauka. Mizizi imejificha ardhini, na theluji nene ikiifunika, joto hubaki karibu na nyuzi 0. Shina limesimama juu ya theluji, kwenye upepo unaoweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Likifa, mizizi husukuma shina jipya, ambalo nalo ni la mwaka wa kwanza, na baridi inayofuata huliua. Mwaka wa pili haufiki kamwe.

Zipo aina zinazozaa kwenye shina la mwaka wa kwanza. Chuo Kikuu cha Arkansas kilitoa Prime-Jan na Prime-Jim mwaka 2004. Tatizo ni kwamba huchelewa kuiva, na penye msimu mfupi baridi huwahi kabla ya tunda.

Ndiyo maana kichaka cha porini chenye matunda kina thamani kubwa: kila beri ni ushahidi kwamba shina lake limevuka baridi salama. Beri nyeusi ya Allegheny huota yenyewe kuanzia Nova Scotia, Kanada, hadi Minnesota, kwenye kingo za misitu, mashamba yaliyoachwa na chini ya nyaya za umeme. Itafute mwezi wa Agosti, wakati matunda yanaonekana. Usiichanganye na rasiberi nyeusi: ukichuma rasiberi, kiini hubaki kwenye kikonyo na tunda huwa na shimo kama kikombe, ukichuma beri nyeusi, kiini hutoka na tunda. Shina la beri nyeusi pia lina kingo, na halina vumbi jeupe la rasiberi.

Weka alama, omba ruhusa ya mwenye ardhi, urudi mapema majira ya kuchipua. Chimba chipukizi lililotoka mzizini, likate libaki kama sentimita 15, ulipande. Kipande cha mzizi chenye unene wa penseli nacho huota. Mbegu ni ngumu, huchelewa, na mche wake unaweza usifanane na mama. Majani yakiwa na unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, kiache kabisa: ni kutu, ugonjwa wa kuvu unaokaa ndani ya mmea mzima, na hauna dawa ya kuuponya.

Tahadhari moja: chipukizi hubeba urithi wa mama, halibebi mahali alipoota. Huenda kichaka kilizaa kwa sababu theluji ilirundikana juu yake. Chagua kilicho wazi kwa upepo kama ua wa nyumba yako, au chukua kutoka vichaka viwili vitatu tofauti.

Vuli ikifika, kata mashina yaliyokwisha kuzaa tu. Yale mabichi, yasiyo na chochote, ndiyo yenye beri za mwakani.