Acheni kuiziba mdomo injini kwa oili nzito

"Gari limezeeka, injini inagonga, weka oili nzito, itatulia." Ushauri huu hauishi, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingine injini hutulia kweli. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, shafti kuu ya injini) ikilika, nafasi kati yake na shingo ya krankshafti inaongezeka. Ukimwaga 20W-50 mahali pa 5W-30, utando wa oili unakuwa mnene, chuma kinapigana na chuma kwa upole kidogo, kelele inashuka. Beringi imebaki vilevile ilivyolika. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo matibabu yenyewe.

Namba kwanza. Ile iliyo kabla ya W inahusu injini ikiwa ya baridi. Ya pili inahusu uzito wa oili kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo 5W-30 na 10W-30 zikishapata moto ni ndugu. Lakini oili ya 30 kwenye joto hilo iko kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 9.3 na 12.5, na ya 50 iko kati ya 16.3 na 21.9. Hiyo si "nzito kidogo". Inakaribia kuwa mara mbili.

"Lakini presha ya oili imepanda!" Bila shaka imepanda. Presha ni kipimo cha ugumu wa kupita, haikuambii ni oili kiasi gani imefika kwenye beringi. Bana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole: presha nyuma ya kidole inapanda, ndoo inajaa polepole. Asubuhi injini ikiwa ya baridi mambo ni mabaya zaidi. Valvu ya pampu inafunguka na kurudisha oili kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, valvu ya pembeni ya filta nayo inafunguka, oili inapita bila kuchujwa. Tapeti za haidroliki, vikombe vidogo vya kusukuma valvu vinavyojazwa oili, zinachelewa kujaa, kwa hiyo mlio uliotaka kuutibu unaendelea muda mrefu zaidi. Na kama injini ina mfumo wa kubadili taimingi ya valvu kwa nguvu ya oili, usishangae taa ya injini ikiwaka.

Ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ikizimika, isikupe usingizi. Kwenye injini nyingi swichi yake huizima taa presha ikifika baa 0.3 hadi 0.5 tu. Fungua swichi, funga geji ya presha mahali pake, pasha injini hadi feni iwake, ndipo usome. Kanuni ya gereji ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ni ya kukadiria tu. Neno la mwisho ni la kitabu cha gari.

Sasa mlio wenyewe. Swali la kwanza ni lini, kabla ya wapi. Mlio mwepesi wa tiki-tiki unaodumu sekunde chache baada ya kuwasha kwa kawaida ni tapeti za haidroliki zilizovuja oili usiku, na mara nyingi si wa kukukosesha raha. Mlio wa cheni ya taimingi kukwaruza sekunde moja au mbili unakupeleka kwenye tenshena, yaani kikazio cha cheni, au kwenye filta ya bei rahisi isiyo na valvu ya kuzuia oili kurudi chini. Kishindo cha uvungu kinachosikika injini ikiwa baridi na kufifia ikipata moto ni pistoni inayopiga ukuta wa silinda. Beringi ya konrodi ni kinyume chake: inakuja oili inapolainika, na inajitangaza zaidi ukishikilia mizunguko 2,000 hadi 2,500 kisha ukaachia mafuta ghafla.

Kamshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka nusu ya kasi ya krankshafti. Kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kitu cha chini, kama konrodi, hugonga kama mara 13 kwa sekunde, tapeti moja mara 6 au 7. Funga taa ya taimingi, inayomweka kila plagi inaporusha cheche, kwenye waya wa plagi moja, utazame mwanga huku ukisikiliza: pigo moja kwa kila mwanga, shughulika na juu, mapigo mawili, shughulika na chini. Isipokuwa koili moja inahudumia plagi mbili, maana hapo taa huwaka kila mzunguko na hesabu yote inavurugika.

Kisha zima silinda moja moja. Chomoa soketi ya injekta, sikiliza sekunde chache, rudisha. Usichomoe waya wa plagi ukauacha hewani. Utaua koili au utapigwa shoti. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kimakenika unalegeza nati ya paipu ya injekta, lakini usithubutu kufanya hivyo kwenye dizeli ya kisasa ya komon-reli, ambayo presha yake hupita baa 1,000 na hutoboa ngozi. Mlio ukipungua ukizima silinda ya 3, tatizo liko huko chini ya 3. Ila je, ni beringi ya konrodi, pini ya pistoni, au pistoni yenyewe? Hapa vitabu vina uhakika kuliko masikio. Pini iliyolegea na pistoni inayocheza hudanganyana hata kwa fundi mwenye miaka mingi, na bloku ya alumini husafirisha sauti hadi mahali pasipohusika. Bisibisi ndefu kwenye mfupa wa nyuma ya sikio inasaidia, lakini panapopiga kelele zaidi si lazima ndipo penye ugonjwa. Na jihadhari na feni inayozunguka, tafadhali.

Kabla ya kufungua injini, ondoa waongo wawili. Wa kwanza ni gasketi ya egzosti manifoldi inayovuja. Inalia tiki-tiki kama tapeti kabisa, inazidi ukikanyaga mafuta, na inapungua chuma kikitanuka kwa joto, kwa hiyo watu husema "unaona, oili imepanda, tapeti zimetulia". Ziba mdomo wa salensa kwa kitambaa kinene sekunde chache, usikilize sauti ya gesi ikivuja mbele, kisha tafuta masizi meusi pembeni ya gasketi. Wa pili ni sahani ya flaiwili iliyopasuka kwenye gari la otomatiki, au bolti zilizolegea za toki konveta, inayounganisha injini na gia boksi. Hiyo inagonga kama konrodi mpaka unaapa. Fungua kifuniko cha chini, kaza bolti, tazama nyufa karibu na matundu.

Mkanda: ufungue, washa kwa nusu dakika, kelele ikiisha ni altaneta, pampu au rola. Milio mikali ukipanda mlima ni mafuta kulipuka vibaya: taimingi, kaboni, au petroli dhaifu. Oili haihusiki.

Ukibaki na shaka, kata filta ya oili kwa kikatio kinachofanya kazi kama kifungua kopo, si kwa msumeno wa chuma, usije ukasoma unga wa msumeno. Kunjua karatasi juani. Vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba ambavyo sumaku haivishiki ni beringi. Vinavyoshikwa na sumaku ni chuma cha kamshafti, cheni au gia.

Oili nzito ina mahali pake: kama jedwali la kitabu chako linaruhusu 40 kwa joto la mazingira yako, na geji inaonyesha presha iko chini kidogo bila mlio wowote, panda daraja moja. Moja.

Ikithibitika ni konrodi, zima injini, usiiendeshe hata hadi gereji. Shusha sampu, fungua kofia za konrodi moja moja, weka alama kila moja na upande wake, maana hazibadilishani. Shingo ikiwa na michirizi inayokwama kwenye ukucha, krankshafti inaenda kuchongwa na beringi zinakuwa za andasaizi, yaani nene zaidi. Kipoza oili, kama kipo, kibadilishe badala ya kukiosha; vipande vilivyojificha ndani yake hutoka siku ya kwanza na kula beringi mpya.