Si mvua inayounguza viazi

Uporoto, Makete au Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, majani ya viazi yakigeuka meusi baada ya siku tatu za mvua, watu husema mvua imeunguza shamba. Hapana. Ingekuwa mvua, na mahindi ya pembeni yangeungua.

Kinachoua ni baka jani chelewa, ugonjwa wa kiumbe kinachofanana na kuvu, Phytophthora infestans, chenye asili ya Amerika. Mwaka 1845 kiliangamiza viazi vya Ireland, na njaa iliyofuata iliua takriban watu milioni moja. Huvuka mipaka ndani ya viazi mbegu vyenye maradhi, kisha upepo hukisambaza. Unyevu hukifungulia mlango tu.

Asubuhi na mapema, geuza jani. Utando mweupe kama unga kuzunguka baka ndio ushahidi. Jani lililoungua kwa jalidi halina utando huo.

Wanaofuatilia ugonjwa hugandamiza jani bichi lenye baka kwenye karatasi maalumu inayotunza vinasaba, huikausha na kuipeleka maabara. Ndivyo ilivyofahamika kwamba ukoo wa kiumbe hicho uitwao 2_A1 umeenea Afrika Mashariki na kuusukuma kando ule wa zamani, US-1.

Imani ya mvua ina gharama kubwa: mkulima husubiri jua badala ya kupulizia dawa. Dawa ya mankozebu hukinga jani, haitibu. Ipulizwe kabla ya baka, chini ya majani pia, na irudiwe mvua ikiisafisha. Ng'oa maotea, yaani viazi vilivyojiotea vyenyewe. Viazi vilivyooza vifukiwe, visitupwe kando ya shamba, maana huko ndiko ugonjwa husubiri msimu.