Umeme wa ndani ya gari la zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gari likishazeeka, umeme wa ndani huanza vituko. Taa ya dari inafifia, kioo cha mlango kinapanda kwa kusuasua, feni inapuliza kwa kasi moja tu, betri inaamka asubuhi ikiwa imelala. Mara nyingi kinachofuata ni kununua vipuri kwa kubahatisha, na vingi vinavyong'olewa kwa mtindo huo ni vizima kabisa. Kinachosumbua huwa ni njia ya umeme kwenda kwenye kifaa au kurudi, na hiyo haijulikani mpaka ipimwe.

"Fyuzi inaungua kila mara, weka kubwa zaidi"

Hii ndiyo kauli inayounguza magari. Fyuzi haikuwekwa kulinda redio wala taa, imewekwa kulinda waya. Waya uliopangiwa fyuzi ya ampea 10 ni mwembamba. Ukiuwekea ya 30, siku shoti ikitokea waya wenyewe ndio utakaoungua, tena ndani ya dashibodi, ukiyeyusha na waya za jirani. Kwa fyuzi za kawaida za miguu bapa, nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ukikuta ya kijani mahali ambapo kifuniko cha boksi kimeandikwa 10, rudisha iliyo sahihi kabla ya kuhangaika na kitu kingine chochote.

Shoti inaweza kutafutwa bila kumaliza pakiti nzima ya fyuzi. Toa iliyoungua, chukua balbu ya wati 21 yenye waya mbili, iunganishe kwenye matundu mawili ya fyuzi hiyo. Kama shoti ipo, balbu itawaka kwa nguvu zote, lakini mkondo hautazidi ampea 2 hivi, kwa hiyo waya hauchemki. Sasa chomoa vifaa vya saketi hiyo kimoja kimoja, kisha tikisa fungu la waya kipande kwa kipande. Balbu ikizima au kufifia ghafla, umefika. Anza na sehemu zinazokunjwa au kusuguliwa: mpira wa waya kati ya mlango na nguzo ya bodi, bawaba za buti, chini ya reli za viti, na nyuma ya redio iliyofungwa baadaye na mtu asiyejulikana. Soketi ya kiberiti cha sigara nayo ikaguliwe, kwa sababu sarafu hudumbukia humo.

"Mita inasoma volti 12, basi umeme unafika"

Hapa ndipo watu wengi hupotea, mafundi wakiwemo. Mita ya kidijitali hainywi umeme wowote wa maana. Waya uliokatika nyuzi zote isipokuwa mmoja utaonyesha volti 12 safi mradi hakuna kifaa kinachovuta. Ukiwasha kifaa, volti zinaanguka. Kwa hiyo pima kifaa kikiwa kimewashwa na kimeunganishwa, au tumia testa ya balbu, ambayo yenyewe inavuta mkondo kidogo.

Kipimo chenyewe kina hatua mbili. Kwanza upande wa chanya: ncha nyekundu ya mita kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya wa chanya unaoingia kwenye kifaa. Kusoma zaidi ya volti 0.5 maana yake kuna kizuizi njiani, iwe swichi, fyuzi iliyolegea au konekta yenye kutu. Pili upande wa kurudi: nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa hasi wa kifaa. Huku hata volti 0.2 inatosha kukutia shaka.

Chukua taa ya dari iliyofifia. Betri ina 12.6, ila kwenye balbu yenyewe unapata 9.8 tu. Upande wa chanya umepotea 0.2, upande wa kurudi 2.6. Hapo usinunue balbu wala betri. Katika magari mengi ya zamani taa hiyo hupata chanya muda wote, na hasi yake hupitia kwenye swichi ndogo ya kibonyezo iliyo kwenye fremu ya mlango. Swichi hiyo hushika bodi kwa skrubu yake, na skrubu ikipata kutu taa inafifia. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, kisha paka grisi juu yake kuzuia maji. Grisi inakuja mwisho, baada ya kukaza.

Dalili nyingine ya ethi mbovu (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi) ni vifaa kujibu mahali ambapo havikuitwa: unawasha indiketa, taa za dashibodi zinapepesa pamoja nayo. Mkondo umekosa njia ya kurudi nyumbani, ukapitia kwenye balbu ya jirani. Vifaa viwili au vitatu visivyohusiana vikianza kusumbua wiki moja, tafuta bolti ya ethi wanayoshirikiana. Mara nyingi iko chini ya kapeti karibu na miguu ya dereva au abiria. Kapeti likiwa na unyevu, ujue maji yanaingia kwa kioo cha mbele au mpira wa mlango, na bila kuziba huko kutu itarudi.

"Feni imebaki na kasi moja, mota imekufa"

Mota iliyokufa haina kasi hata moja. Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya juu tu karibu kila mara ina rezista (kipande kinachopunguza mkondo) iliyoungua, kwa kuwa kasi hiyo ndiyo pekee isiyopitia kwenye rezista. Rezista huwa imechomekwa kwenye njia ya hewa ili ipoe kwa upepo wa feni yenyewe. Usiibadilishe kabla ya kuuliza kwa nini iliungua: kichujio cha hewa cha ndani kikiziba, au mota ikiwa nzito kuzunguka ikavuta ampea nyingi, mpya nayo itaungua. Angalia na konekta yake. Plastiki ikiwa imebabuka, badilisha zote mbili.

"Kioo kinapanda taratibu, nunua mota"

Fungua pambo la mlango, mota ikiwa imeunganishwa, na pima kwenye konekta yake huku mtu akibonyeza swichi na injini inaunguruma. Ukipata volti 12 au zaidi na kioo bado kinajikokota, shida ni ya kimakanika: mpira wa pembeni umekauka, au waya wa kunyanyulia unasugua. Mpira upulizie silikoni, siyo grisi, maana grisi inakusanya vumbi. Ukipata volti 8 au 9, rudi kwenye swichi na waya za mlangoni. Kioo cha abiria kisichoitika kabisa kinaweza kuwa kimefungwa na kitufe cha kuzuia kilicho upande wa dereva. Kibonyeze kwanza, ni bure.

"Betri inakufa usiku, basi ni mbovu"

Inawezekana, lakini pima kinachoinywa kwanza. Zima kila kitu, toa ufunguo, kibonyezo cha fremu ya mlango ulio wazi kibonyeze (au komeo la mlango lisukume kwa bisibisi, kama swichi iko humo) ili gari lidhani mlango umefungwa. Chomoa waya wa hasi wa betri, weka mita kwenye kipimo cha ampea 10 kati ya waya huo na betri, subiri nusu saa. Usiguse swichi ya injini hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Taa ya droo ya dashibodi isiyozima, ya wati 5, inavuta ampea 0.4, yaani takriban ampea-saa 10 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 haifikishi siku ya tano. Toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Zote zikitoka na namba haijashuka, ishuku dayodi ya alteneta (mashine inayochaji betri), kwa kuwa waya wake mkubwa haupitii kwenye boksi la ndani.

Mengine ni mepesi. Rilei (swichi inayofungwa na sumaku ya umeme) inayolia "ta" haijathibitisha kitu zaidi ya kwamba koili yake inavuta. Kontakti zake zinaweza kuwa zimeungua, kwa hiyo pima kati ya miguu yake iliyoandikwa 30 na 87. Taa zote za dashibodi zikizima pamoja, zungusha kwanza kitufe cha kupunguza mwanga. Geji ya mafuta na ya joto zikidanganya kwa wakati mmoja, si vihisio viwili vilivyokufa siku moja: kwenye magari mengi ya zamani zinashirikiana kidhibiti kidogo cha volti nyuma ya dashibodi. Na indiketa ikikimbia baada ya kuweka balbu za LED, rilei imekosa mzigo iliouzoea.

"Gari la zamani halina cha kuogopa, lina volti 12 tu"

Volti 12 hazikurushi, lakini zinayeyusha spana na zinaweza kulipua begi la hewa. Magari mengi ya miaka ya 1990 tayari yana mabegi hayo, na konekta zake kwa kawaida ni za njano, kwenye usukani na chini ya viti. Kabla ya kugusa sehemu hizo chomoa hasi ya betri na usubiri walau dakika kumi. Hata baada ya hapo, testa ya balbu na kipimo cha omu cha mita visiingizwe kwenye waya hizo kamwe.