Shuti kali si siri ya mabao
Katika viwanja vingi vya Kisumu na Kakamega, imeaminika tangu zamani kwamba mshambuliaji hodari ni mwenye shuti kali, hivyo vijana huzoezwa kufyatua makombora kutoka mbali. Ukweli ni kwamba mabao mengi hufungwa ndani ya eneo la hatari, linaloishia mita 16.5 kutoka mstari wa goli, ambako mpira wa chini uliolengwa kwenye kona humshinda kipa kuliko kombora linalomfuata kifuani. Utazame mguu usiopiga: ukikanyaga kando ya mpira, vidole vikielekea shabaha na kiwiliwili kisiegemee nyuma, mpira haupai ovyo. Kuvunja ngome nako huanza kabla ya pasi kufika, kwa hatua mbili za kumhadaa beki, kisha kuchomoka nyuma ya bega lake.