Fremu, zebra na geti la shule: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Shule nyingi za msingi Dar es Salaam zimezungukwa na fremu za maduka. Mtoto wa darasa la pili anatoka getini, anapenya kati ya duka la vocha na banda la chipsi, na hatua inayofuata anakanyaga lami. Ile njia ya pembeni aliyopaswa kupita imeliwa na ujenzi. Mtoto akigongwa, lawama zote zinamwangukia dereva. Dereva ana makosa yake, nitayafikia. Lakini kabla yake kuna mtu aliyejenga pasipojengwa, na kuna maneno aliyoyaamini, ambayo wengi wetu tunayaamini pia.

"Kiwanja changu, hati ninayo, kibali cha nini tena?"

Hati inaeleza nani anamiliki ardhi, na kwa matumizi gani. Kibali cha ujenzi ni habari nyingine: kinahusu jengo lenyewe, limechorwaje, litasimama umbali gani kutoka mpakani na barabarani. Katika maeneo ya miji kinatolewa na halmashauri, ambayo ndiyo mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Barua ya mtendaji wa mtaa inakutambulisha tu kwamba unajulikana pale. Haikupi ruhusa ya kuchimba msingi, hata kama ina mhuri na umeilipia.

Kosa kubwa zaidi linafichwa na neno "tu". Ni ukuta tu. Ni fremu mbili tu. Ukuta wa mpaka unahitaji kibali, fremu zinahitaji kibali, na kuongeza ghorofa juu ya nyumba iliyokwisha kujengwa kunahitaji kibali. Ukuta ndio ninaouogopa kuliko vyote, kwa sababu ukisogezwa mbele mita moja na nusu kwenye kona ya shule, dereva anayekata kona hamwoni mtoto, na mtoto halioni gari.

Wapo wanaoamini pia kwamba kibali kikishatoka, mengine ni yako na fundi wako. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, karibu na Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Lilikuwa limepandishwa ghorofa nyingi kuliko zilizoidhinishwa. Watoto waliokuwa wakicheza kwenye uwanja wa jirani ni miongoni mwa waliofunikwa na kifusi. Hawakuwa wapangaji wala vibarua, walikuwa wanacheza mpira. Tangu siku ile sikubali mtu aniambie kwamba kibali ni jambo kati ya mwenye jengo na halmashauri yake.

"Nyumba yangu haina X, kwa hiyo sipo kwenye hifadhi ya barabara."

Hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, inawekwa na sheria; rangi ya X inayopakwa kwenye majengo ya kuondolewa inakuja baadaye. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5 kila upande. Ndiyo sababu ya zile rangi mbili: X ya kijani kwa aliyejenga kihalali akakutwa na upanuzi, ambaye anastahili fidia, na X nyekundu kwa aliyeingia mwenyewe ndani ya hifadhi. Fremu ambayo haijapakwa chochote leo inaweza kuwa imesimama pabaya kwa miaka kumi.

Vivyo hivyo kwa mchanga na kokoto. Lori likimwaga trip nzima ya mchanga pembeni ya barabara ya shule, mwenye nyumba husema ni wa siku mbili. Kwa siku hizo mbili watoto wote wanazunguka rundo kwa kupita katikati ya barabara, na asubuhi bodaboda hazipunguzi mwendo kwa sababu ya mchanga wa mtu.

"Shule imesajiliwa na wizara, basi kila kitu kimeshakaguliwa."

Usajili wa shule ni kibali cha kufundisha. Hauondoi wajibu wa kupata kibali cha ujenzi, wala wa kubadili matumizi ya ardhi pale nyumba ya kuishi inapogeuzwa kuwa shule ya awali. Mabadiliko hayo yana utaratibu wake, na majirani wana haki ya kusikilizwa. Wengi hawaitumii haki hiyo, halafu muhula ukianza wanashangaa kuona Hiace sita na magari ya wazazi yamejipanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye mtaa ambao magari mawili hayapishani. Swali la kuuliza mapema ni moja: wazazi watashushia watoto wapi?

"Alama inasema 50. Nikienda 50 sina kosa."

Hamsini ni kikomo cha juu kwenye makazi. Na mbele ya geti la shule mwendo huo ni mkubwa mno. Gari la mwendo wa 50 linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja kushtuka na kufikia breki, kwenye lami kavu atasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa mwendo wa 30 atasimama ndani ya mita 14. Sasa mweke mtoto aliyechomoka nyuma ya daladala mita 15 mbele. Wa 30 amesimama. Wa 50 ndiyo kwanza mguu unagusa breki, na gari linamfikia mtoto likiwa bado karibu na kasi yake yote.

Kwenye zebra, dereva anatakiwa apunguze mwendo kabla hajafika, asimame mtu anapovuka, na asilipite gari lililosimama hapo. Hili la mwisho ndilo linaloua kwenye barabara za njia mbili kila upande: gari la kwanza limesimama kwa heshima, mtoto anapata moyo, la pili linapita ubavuni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema watoto wafundishwe kuvuka, yatosha. Wafundishwe, bila shaka. Lakini mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria sawasawa kasi ya gari linalokuja, na kwa kimo chake hawezi kuona juu ya boneti ya gari lililoegeshwa.

Na matuta? Hasira ikishapanda, wananchi huchanganya zege usiku na kujimwagia tuta lao. Naielewa hasira hiyo kabisa. Lakini tuta lisilo na kipimo wala alama linaangusha bodaboda gizani na kutuamisha maji. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Wao ndio wa kuombwa.

Kuomba si kupoteza muda. Mpango wa SARSAI wa usalama barabarani kuzunguka shule, unaoendeshwa na shirika la Amend, ulianza na shule za msingi za Dar es Salaam kwa vitu vya kawaida kabisa: njia za waenda kwa miguu, matuta ya kipimo, zebra, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda pembeni, na geti jipya pale la zamani lilipofungukia barabarani. Majeruhi wa ajali miongoni mwa watoto walipungua kwa takribani robo, na mwaka 2019 mpango huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center.

Kamati ya shule inayotaka kuanza iandike barua moja kwa meneja wa TARURA wa wilaya na nakala kwa afisa mipango miji wa halmashauri. Iambatanishe picha za getini zilizopigwa saa ya kuingia na saa ya kutoka, ichore kwa mkono zilipo fremu, ukuta na kona, na ieleze watoto wangapi wanavuka na wanatoka upande gani. Kisha iombe kwa maandishi kuoneshwa vibali vya majengo yanayogusa njia ya watoto.